Boti Ndogo ya Tanga: Ununue ya Zamani au Mpya?

Waulize mabaharia wawili wazoefu wa boti za tanga wakushauri ununue ipi, na huenda wakabishana mbele yako mpaka magharibi. Mmoja atasema boti za miaka ya 1970 zilijengwa kwa ajili ya bahari, na hizi za leo zimejengwa kwa ajili ya maonyesho. Mwenzake atajibu kwamba za zamani ni nyembamba, zina giza, haziendi, na zitakumalizia akiba yako. Kila mmoja ana ushahidi wake, tena wa kweli. Ila wanachanganya mambo matatu ambayo mnunuzi inambidi ayatenganishe: umbo la chombo, namna kilivyojengwa, na uchakavu wake. Boti inaweza kuwa na umbo zuri na nyaya zilizooza. Inaweza kuwa mpya kabisa na bado umbo lake lisifae kwa safari unayoitaka. Nazungumzia boti za futi 25 hadi 33 hivi, zenye vitanda, jiko na injini ndogo, ambazo watu wawili wanaweza kuziendesha na kulala ndani kwa wiki kadhaa.

Tuanze na umbo, maana ndilo jambo pekee ambalo huwezi kulibadilisha baada ya kununua.

Chukua boti mbili zinazofahamika. Contessa 32 ilichorwa na David Sadler na kuanza kujengwa na Jeremy Rogers huko Lymington, kusini mwa Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Toka omo (ncha ya mbele) hadi tezi (ncha ya nyuma) ina mita 9.75, lakini urefu wake majini ni mita 7.3 tu, kwa sababu omo na tezi zote mbili zimechomoza juu ya maji. Upana wake ni mita 2.9. Ina uzito wa tani 4.3 hivi, na karibu nusu ya uzito huo ni farumi (mzigo wa kuituliza) iliyo kwenye mkuku, ule uti wa chini ya tumbo la boti. Upande wa pili weka Oceanis 30.1 ya Beneteau wa Ufaransa, iliyotoka mwaka 2019. Kiwiliwili chake kina urefu wa karibu mita 9, upana mita 2.99, uzito kama tani 4. Kwenye karatasi zinakaribiana. Ukizitazama zimepandishwa nchi kavu, hazifanani hata kidogo. Omo ya Oceanis imesimama wima, ubavu wake unapanuka na haurudi ndani tena, na tezi yake ni pana karibu sawa na kiuno. Karibu urefu wote unafanya kazi majini.

Faida ya hilo inapimika. Boti inayosukuma maji, badala ya kuyarukia, ina kikomo cha kasi kinachotokana na urefu wake majini: tafuta kipeuo cha pili cha urefu huo kwa futi, kisha zidisha kwa 1.34. Futi 24 za Contessa zinatoa takriban noti 6.6, noti moja ikiwa maili moja ya baharini kwa saa. Boti yenye futi 28 majini inapata noti 7.1. Tofauti inaonekana ndogo, lakini ukitoka Mombasa kwenda Unguja, safari ya maili za baharini zinazokaribia 130, nusu noti ndiyo inayoamua kama utaingia bandarini mchana au utazungukazunguka nje usiku ukisubiri mwanga ili uione miamba. Na humo ndani, upana ule wa nyuma unatoa chumba kamili cha kulala chini ya mahali pa mshika usukani, na mtu mrefu anasimama wima akipika. Kwenye Contessa 26, ya ukoo mmoja na ile 32 lakini ndogo zaidi, watu wazima wengi hutembea wameinama.

Sasa upande wa gharama ya umbo hilo. Chombo kinaweza kusimama imara majini kwa njia mbili. Ya kwanza ni upana: ukikiegemeza, upande wa demani, ule usiopata upepo, unazama zaidi na maji yanakisukuma kirudi. Ya pili ni uzito uliowekwa chini sana, unaokivuta kirudi. Boti pana husimama vizuri mwanzoni, na abiria hufurahi kwa sababu chai haimwagiki. Boti nyembamba yenye farumi nzito hulala ubavu mapema, jambo linalowatisha wageni, halafu hushikilia pale na haiendelei. Tofauti kubwa inajitokeza siku mbaya kabisa, wimbi linapoipindua boti juu chini. Upana uliokusaidia ulipokuwa wima unaisaidia pia boti kutulia ikiwa imepinduka. Contessa 32 inaendelea kujirudisha hadi ilale kwa digrii kama 155, yaani karibu ipinduke kabisa. Boti nyingi pana na nyepesi hukoma mapema zaidi.

Hili halikubaki kwenye hesabu. Agosti 1979 mashindano ya Fastnet, yanayotoka kusini mwa Uingereza hadi mwamba ulio kusini mwa Ireland na kurudi, yalikumbwa na dhoruba. Boti 303 zilianza. Mabaharia 15 wa mashindano walikufa, boti 24 ziliachwa na watu wake, na 5 kati ya hizo zilizama. Katika daraja la boti ndogo kabisa, moja tu ilimaliza: Contessa 32 iitwayo Assent. Sifa ya boti hiyo ilijengwa usiku huo. Lakini kuna funzo la pili ambalo mashabiki wa boti za zamani hulipitia haraka: nyingi kati ya zile boti zilizoachwa zilikutwa baadaye bado zinaelea. Baadhi ya watu wangekuwa salama zaidi wangebaki ndani yake. Uchunguzi uliofuata ndio uliosukuma wabunifu kupima uwezo wa chombo kujirudisha, na leo Ulaya boti zote mpya za starehe hupewa herufi. Tangu 1998 sheria imezigawa katika makundi manne: A ni ya bahari kuu, B ni ya upepo usiozidi nguvu ya 8 na mawimbi ya hadi mita 4, C ni ya pwani, D ni ya maji yaliyotulia. Boti nyingi mpya za futi 30 zina B. Kwa pwani yetu, B ni cheti cha heshima kabisa, na atakayesema boti ya namna hiyo haifai kutoka Tanga kwenda Pemba anakutisha bure.

Wala umbo la kale halikupi kinga. Mwaka 1968, katika mashindano ya Golden Globe, Mwingereza Robin Knox-Johnston aling'oa nanga Falmouth, Uingereza, na Suhaili, chombo cha futi 32 kilichojengwa kwa msaji huko Bombay, akaizunguka dunia peke yake bila kutia bandarini, akarudi Aprili 1969. Miaka hamsini baadaye mashindano hayo yalirudiwa, na sharti likawa boti za futi 32 hadi 36, zilizobuniwa kabla ya 1988, zenye mkuku mrefu na usukani uliofungwa mwisho wa mkuku. Yaani zile zile zinazosifiwa. Walioanza mwaka 2018 ni 18, waliomaliza ni 5, na boti tano zilivunjika milingoti. Mmoja wa waliopinduliwa ni Abhilash Tomy wa India, aliyekuwa na nakala ya Suhaili. Aliumia mgongo katika Bahari ya Hindi ya kusini na kuokolewa. Mikuku mirefu haikuwaokoa na nguvu ya bahari ile. Hata hivyo, mshindi wa mashindano yaliyofuata, Kirsten Neuschäfer wa Afrika Kusini, alifika mwaka 2023 na chombo cha aina hiyo hiyo bila msiba.

Kwetu, swali la umbo linajibiwa zaidi na upepo wa kusi kuliko na dhoruba. Sehemu kubwa ya pwani yetu ina mkondo unaokwenda kaskazini mwaka mzima, na wakati wa kusi unaweza kufika noti 4. Anayetaka kushuka kusini kuanzia Mei hadi Septemba anapigana na upepo na maji kwa pamoja. Jahazi husubiri kaskazi, na hekima hiyo haijapitwa na wakati. Lakini mwenye likizo ya wiki mbili hawezi kusubiri miezi, kwa hiyo ni lazima boti yake iweze kubisha, yaani kuupanda upepo kwa kwenda huku na huku.

Hapa ndipo tofauti inapoonekana kwa karibu. Boti mpya, yenye mkuku mfupi wa kina kirefu na tanga lenye umbo zuri, inaukaribia upepo zaidi na inageuka upesi. Maji yakiwa shwari ndani ya mwamba, inaiacha ya zamani mbali. Toka nje ya mwamba, mawimbi mafupi ya kusi yakikutana na mkondo, hali inabadilika. Omo pana yenye tumbo bapa inapanda wimbi, inabaki hewani nusu sekunde, kisha inapiga maji kwa kishindo ambacho unakisikia kwenye meno. Sahani zinagonga kabatini, mlingoti unatetemeka, na kasi inashuka toka noti 6 hadi 4 kabla haijaanza kupanda tena. Contessa 32 wakati huo imelala ubavu, sitaha ya demani inaoshwa, mshika kana (mpini wa usukani) amelowa toka kichwani, na boti inaendelea kwa noti 5 bila kusimama. Haipendezi, lakini usiku mzima wa hali hiyo unavumilika, na asubuhi watu wana nguvu ya kutia nanga sawasawa. Boti za mkuku mrefu kabisa kama Contessa 26 hutulia hata zaidi, ila hazikaribii upepo sana na hugeuka polepole, kwa hiyo katika mkondo wa noti 3 utapiga mbisho baada ya mbisho na mnazi ule ule utauona ufukweni.

Halafu kuna kilicho chini ya maji. Kwenye boti ya mkuku mrefu usukani umefungwa nyuma ya mkuku, na rafadha (panga la injini) imejificha kwenye tundu kati yao. Kamba ya dema (mtego wa samaki) au jarife (wavu) lililotandazwa usiku linateleza chini na kupita. Kwenye boti nyingi za leo usukani unaning'inia peke yake, na boti zilizo pana sana nyuma huwekewa sukani mbili, kwa sababu boti ikilala ubavu usukani mmoja wa katikati ungetoka nje ya maji. Sukani hizo hazina chochote mbele yake cha kuzikinga. Atakayesafiri usiku katika maji yenye wavuvi wengi kama yetu na alifikirie hilo kwa uzito. Kwa upande mwingine, boti ya mkuku mrefu ikirudi nyuma kwa injini haisikii usukani, inaelekea inakotaka. Katika bandari za Ulaya zilizojaa boti ubavu kwa ubavu hilo ni kero kubwa, na ni sababu mojawapo ya wabunifu kuachana nayo. Kwetu boti hukaa kwenye nanga au kwenye boya, na siku nyingi hupiti hata karibu na gati. Sifa ambayo mnunuzi wa Ufaransa analipia pesa nyingi, wa Kilifi au Msasani huenda asiitumie mara mbili kwa mwaka.

Vivyo hivyo kwa kupwa na kujaa. Wakati wa bamvua maji ya Unguja hupanda na kushuka kama mita 4. Mafundi wetu wametumia hilo karne nyingi kulaza majahazi mchangani, kuyakwangua na kuyapaka, bila winchi wala kreni. Boti ya mkuku mrefu inaweza kuegemezwa gatini au kwenye magogo, ikasimama juu ya mkuku wake maji yanapotoka, ukabadilisha rafadha na kuipaka rangi chini kabla maji hayajarudi. Boti ya mkuku mfupi mwembamba inataka uangalifu mwingi zaidi, na kwa baadhi yake mtengenezaji anakataza kabisa. Ukiwa mbali na kreni, hiyo ni tofauti kati ya kazi ya siku moja na safari ya wiki nzima kwenda kutafuta karakana.

Jambo la pili ni ujenzi. Boti za faiba za miaka ya 1960 na 1970 zilijengwa na watu ambao hawakuwa na hakika ya nguvu ya faiba, kwa hiyo waliongeza tabaka juu ya tabaka. Albin Vega ya Sweden, ya futi 27, iliyotengenezwa kati ya 1966 na 1979 kwa zaidi ya boti 3,000, ni mfano mzuri: mwaka 2011 Mmarekani Matt Rutherford aliondoka na moja iliyokwisha kuchakaa, akazizunguka Amerika zote mbili peke yake bila kusimama, siku 309. Leo hesabu hufanywa kwa kompyuta, na faiba huwekwa pale tu inapohitajika. Huo si wizi. Boti nyepesi inahitaji tanga dogo, injini ndogo na nguvu kidogo ya kuvuta kamba. Lakini ziada iliyokuwa inasamehe makosa imeondolewa, na hasa pale mkuku unapokutana na tumbo la boti.

Boti nyingi za viwandani za siku hizi zina fremu ya ndani iliyofinyangwa kando na kugundishwa tumboni, na mkuku hufungwa kwa boliti kupitia hapo. Boti ikipanda mwamba kwa kasi, mkuku unasukumwa nyuma na fremu inaweza kuachana na tumbo mahali ambapo huoni, chini ya sakafu. Mei 2014, Cheeki Rafiki, boti ya Beneteau First 40.7 iliyojengwa mwaka 2006, ilipoteza mkuku wake katikati ya Atlantiki ikirudi Uingereza, na mabaharia wanne wakafa. Wachunguzi wa Uingereza walieleza kwamba huenda kugonga chini kwa siku za nyuma na matengenezo yaliyofuata viliidhoofisha. Ile ni boti kubwa kuliko hizi tunazozungumzia, lakini namna ya ujenzi ni ile ile. Kwa hiyo ukinunua boti ya mwaka 2008, iliyotumika pwani yenye matumbawe, swali la kwanza liwe: imewahi kugonga chini? Inua mbao za sakafu zote. Tafuta ufa mwembamba kandokando ya fremu, rangi mpya mahali ambapo pengine ni ya zamani, na maji ya chumvi ndani ya ngama, pale chini kabisa ya tumbo. Na boti hiyo ipandishwe juu, mkaguzi autazame ule mstari mkuku unapoungana na tumbo.

Jambo la tatu, uchakavu, ndilo linalomaliza pesa. Boti ya miaka 45 tumbo lake linaweza kuwa zima, lakini hakuna kitu kingine ndani yake chenye umri huo kinachostahili kuaminiwa. Nyaya za mlingoti ni za chuma kisichoshika kutu kwa macho, lakini huoza kwa ndani, pale zinapoingia kwenye vishikizo vya chini ambako chumvi hukaa na hewa haifiki. Kampuni nyingi za bima hutaka zibadilishwe baada ya miaka 10 hadi 15, na katika joto letu mimi ningeshika ule muda mfupi. Angalia vyuma vinavyofunga nyaya hizo ubavuni: ukiingia kabini ukakuta chozi la rangi ya hudhurungi limeshuka kwenye mbao chini ya sitaha, maji yanaingia kando ya chuma hicho, na sehemu iliyofichika ndani ya sitaha huenda imekwisha liwa. Chukua nyundo ndogo ya plastiki, gonga sitaha kila upana wa kiganja. Mlio mkavu na mkali ni mzuri. Ukifika mahali mlio unakuwa mzito, kama umegonga mkate, mbao nyepesi ya balsa iliyo katikati ya tabaka mbili za faiba imelowa na kuoza. Kulitengeneza eneo dogo ni kazi ya mtu mvumilivu. Sitaha nzima ni sababu ya kuondoka.

Malengelenge ya faiba chini ya maji huwatisha wanunuzi kupita kiasi. Maji hupenya polepole kwenye gundi ya poliesta, na bahari ya joto huharakisha jambo hilo, hivyo boti iliyokaa muda mrefu kwetu huwa nayo. Machache ni ya kukwangua, kukausha na kujaza kwa epoksi. Mara nyingi ni hoja ya kupunguza bei kuliko hoja ya kukataa boti. Injini ni shauri jingine: kununua injini mpya ya dizeli na kuifunga kunaweza kuzidi bei uliyonunulia boti nzima. Boti mpya nazo zina deni lake. Nyingi hutumia mguu wa alumini unaotoka chini ya injini hadi kwenye rafadha, ukizibwa na duara la mpira. Volvo Penta wanaagiza mpira huo ubadilishwe kila baada ya miaka saba, na ukiacha vyuma vya kinga vikaliwa vikaisha, chumvi huuhamia mguu wenyewe.

Kwa pesa, pengo ni kubwa. Boti mpya ya futi 30, ikishawekewa matanga na vifaa, huvuka yuro 100,000 kwa urahisi. Contessa 26 au Albin Vega hupatikana Ulaya kwa elfu chache. Ila ile ya elfu chache ndiyo ghali kuliko zote ukihesabu nyaya, matanga, injini, sitaha na miaka miwili nchi kavu, na wengi huishia kuiuza kabla haijagusa maji.

Mimi, kwa mtu wa mshahara anayetaka kusafiri kati ya Lamu na Mafia, na pengine siku moja avuke hadi Komoro au Shelisheli, ningemshauri achukue boti ya miaka ya 1970 au 1980 ya umbo la katikati, kama hiyo Contessa 32: mkuku usio mrefu sana, usukani ulioshikwa na pezi lake mbele. Inabisha, inakinga usukani, na inastahimili. Ila ainunue kwa mtu aliyekwisha kuitengeneza. Mwenye boti aliyebadilisha nyaya, matanga na injini hapati hata nusu ya pesa zake anapouza, na hasara hiyo inakuwa faida yako. Mwenye familia, anayelala kwenye boti mwisho wa wiki ndani ya mwamba, na ambaye fedha si tatizo, anunue mpya bila kuona haya. Watoto wataipenda, na boti inayopendwa na nyumba nzima hung'oa nanga mara nyingi zaidi.

Kwa vyovyote, dai risiti. Usikubali maneno "nyaya zilibadilishwa juzi tu": risiti yenye tarehe na jina la karakana, picha za kazi ikifanyika, daftari la safari. Pale ambapo hakuna karatasi, hesabu kwamba kitu hakijabadilishwa tangu boti ijengwe, tafuta bei ya kukibadilisha leo pamoja na usafiri na ushuru hadi bandari yako, na uitoe kwenye bei anayotaja muuzaji kabla hujampa mkono.